Picha za uso zenye glita: kila chembe ni kioo, na kioo kina kingo

Swali: Mimi ni mpiga picha mwenye studio ndogo Morogoro. Mteja wangu anatimiza miaka 30 na anataka picha za uso zenye glita ya dhahabu: mashavuni, juu ya macho na mabegani, halafu picha moja akiipuliza glita kutoka kiganjani kuelekea kamera. Mwanawe wa miaka mitano naye aingie kwenye hiyo ya kupuliza. Nimenunua glita ya pakti kwenye duka la vifaa vya shule, nikaijaribu mkononi mwangu kwa vaselini. Picha imetoka kama nimejipaka mchanga, haimetameti kabisa. Nakosea wapi? Na glita hii haitamdhuru machoni?

Jibu: Dada, maswali yako mawili yana chanzo kimoja. Chembe ya glita ni kipande cha filamu ya plastiki, mara nyingi PET, plastiki ile ile ya chupa za maji ya kunywa. Filamu hiyo hupakwa tabaka jembamba la alumini, hufunikwa kwa rangi, kisha mashine huikata vipande vya pembe sita. Kwa hiyo ulichonacho kwenye pakti ni maelfu ya vioo bapa vyenye kingo. Kwa kuwa ni vioo, havitaki mwanga wa aina yoyote tu. Na kwa kuwa vina kingo, havitaki kukaribia mboni ya jicho wala kuingia kwenye njia ya hewa.

Tuanze na pakti uliyonunua. Glita ya kazi za mikono haifai usoni hata kama inafanana kabisa na ya vipodozi. Rangi yake haikuchaguliwa kwa ajili ya ngozi, chembe zake huwa kubwa na zimekatwa bila uangalifu, na nyingine si PET hata kidogo bali ni PVC, plastiki ya mabomba, au hata vioo vya kweli vilivyosagwa. Ya vipodozi huandikwa kwamba ni ya uso na mwili, na nyuma ya kichupa kuna orodha ya viambato: utakuta polyethylene terephthalate, alumini, na rangi zilizotajwa kwa namba zinazoanza na CI. Pakti isiyo na orodha usiipeleke usoni kwa mtu. Kwa Tanzania vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango, tangu 2019, basi tafuta alama yake, ingawa glita nyingi zinazouzwa kwa kupimiwa hazina hata jina la mtengenezaji. Kuna jaribio dogo la kuchuja mbovu: changanya glita ya kujaa ncha ya kidole na jeli ya aloe vera, weka juu ya tishu nyeupe, subiri saa moja. Tishu ikishika rangi, itupe. Isiposhika rangi bado hujathibitisha usalama, umethibitisha tu kwamba haichuji rangi.

Ukubwa wa chembe ni jambo ambalo wapambaji wengi hawaliulizi, na ndilo linaloamua mengi. Kwenye vichupa vingi utaona sehemu za inchi. 1/128 ni karibu milimita 0.2, 1/64 ni karibu 0.4, na 1/24 ni karibu milimita moja. Karibu na macho usizidi milimita 0.2. Chembe kubwa ikiingia jichoni hukaa chini ya kope na kukwaruza konea, utando angavu wa mbele ya jicho, kila mtu anapopepesa. Ndogo mara nyingi hutolewa na machozi. Hizo kubwa ziweke kwenye mfupa wa shavu, kwenye paji la uso pembeni, mabegani na kwenye mtulinga.

Na hapa ndipo sehemu ya kwanza ya mchanga wako ilipotokea. Uso wa mtu mzima una upana wa kama sentimita 15. Picha ikipunguzwa kwa ajili ya Instagram iwe na upana wa pikseli 1080, na uso ukachukua pikseli 600 za huo upana, kila pikseli inabeba robo milimita ya ngozi. Chembe ya milimita 0.2 haijazi hata pikseli moja. Programu inapopunguza picha huichanganya chembe hiyo na ngozi iliyo jirani, na kilichokuwa nukta ya mwanga kinageuka kuwa madoadoa ya kijivu. Mtu akitumia glita laini peke yake, uso utaonekana mchafu kwenye simu hata kama kwenye kompyuta yako ulipendeza. Changanya: sehemu mbili za milimita 0.4 na sehemu moja ya milimita moja kwa mashavu na mabega, halafu ile ya 0.2 kwa eneo la macho tu.

Neno moja kuhusu glita inayouzwa kuwa ni rafiki wa mazingira. Nyingi hutengenezwa kwa selulosi ya miti badala ya plastiki, na zimeenea Ulaya hasa baada ya Umoja wa Ulaya kuzuia uuzaji wa glita ya plastiki iliyo huru, kama ile ya kazi za mikono, kuanzia tarehe 17 Oktoba 2023. Ni chaguo zuri, lakini kuoza kwenye udongo hakumaanishi kwamba haikwaruzi jicho. Pia hulegea ikikaa muda mrefu kwenye jeli yenye maji, hivyo ichanganye unapotaka kuipaka, si usiku wa jana yake.

Poda ya maika, ile inayong'aa kama lulu, ni kitu kingine. Haitoi nukta za mwanga, hutoa mng'ao laini wa jumla, na ndiyo ninayopendelea kwa ngozi ya juu ya jicho kuliko glita yoyote, ikiwa imechanganywa kwenye krimu. Ikiwa kavu usiipulize, ni vumbi. Na tafadhali usibadilishe na poda ya dhahabu ya kupaka fremu au mbao: mara nyingi hiyo ni shaba na zinki iliyosagwa, na mtoto akiivuta inaweza kumharibu mapafu vibaya sana. Poda za kung'arisha keki nazo hazipulizwi. Kuna zinazouzwa kwa mapambo ya keki huku zikiwa na metali zisizoliwa, na Marekani watu waliugua kwa sababu hiyo.

Sasa gundi. Vaselini inashika, lakini huanza kulainika kwenye joto la mwili, na kwenye studio ambayo umezima feni (nitaeleza kwa nini utaizima) huteremka pamoja na jasho. Ikiteremka kutoka kwenye paji la uso inaelekea machoni. Itumie mabegani na kwenye mtulinga, ambako kazi itakwisha ndani ya nusu saa. Mashavuni tumia gundi ya glita ya vipodozi ukiipata. Usipoipata, jeli ya aloe vera isiyo na manukato, tabaka jembamba, isubiri dakika tatu hadi tano hadi inate kidoleni, ndipo uweke glita. Udhaifu wake ni kwamba hukauka ikapasuka mteja akicheka sana, kwa hiyo picha za kicheko zipige mwanzoni. Gundi ya kope za bandia inafaa kwa mistari midogo, ila nyingi zina mpira wa lateksi na wapo wanaodhurika nao, muulize mteja kama glovu za mpira humwasha. Jeli ya nywele mara nyingi ina alkoholi na manukato, haiji usoni. Supaglu, gundi ya mbao na gundi ya karatasi hazina mjadala.

Siku moja kabla, paka gundi na glita kidogo kwenye kiwiko cha mteja kwa upande wa ndani, abaki nayo kwa saa 24. Ikiwasha au kuvimba, badilisha. Muulize pia kama ana pumu, kama ana vidonda au chunusi zilizopasuka, na kama amenyoa nyusi siku hiyo. Kama huvaa lenzi machoni, azitoe kabla hujafungua kichupa, na avae miwani yake kati ya pozi na pozi. Chembe ikikwama chini ya lenzi inasuguliwa kwenye konea bila kupata njia ya kutoka.

Kupaka kwenyewe ni kazi ya kubonyeza, si kupiga brashi. Anza na mekapu ya macho, safisha kilichoanguka mashavuni, ndipo faundesheni, na glita iwe ya mwisho. Mimina robo ya kijiko cha chai kwenye kisahani, inatosha mashavu yote mawili. Brashi bapa ya nyuzi za plastiki, iloweshe kidogo, igonge kwenye glita, kisha gandamiza. Ukiburuta brashi chembe zinaruka. Eneo la macho mteja afumbe, na wewe ufanye kazi kutoka pembe ya nje kwenda ndani, ukiacha nusu sentimita kutoka kwenye mizizi ya kope, na usiweke kitu chochote kwenye ukingo wa chini wa jicho. Kuzunguka pua na mdomo acha sentimita moja tupu. Midomo iache, au tumia losheni ya midomo iliyotengenezwa na glita yake ndani. Ukimaliza, zungushia selotepu kidoleni, upande wa gundi nje, ibonyeze kwanza mgongoni mwa mkono wako ipungue makali, kisha ipitishe chini ya macho na kwenye pua kuondoa chembe zilizolegea. Hatua hiyo ya dakika mbili ndiyo inayozuia ajali nyingi, maana chembe inayoingia jichoni mara nyingi ni ile iliyoanguka baadaye, mteja alipotikisa kichwa.

Usizigandamize zote zikalala bapa kabisa. Zikilala zote sawasawa na ngozi zinageuka kuwa kioo kimoja kilichokunjwa: zitawaka zote kwa pamoja pembe moja, na pembe nyingine zote zitazimika. Tabaka la kwanza gandamiza, la pili liguse tu kwa ncha ya brashi ili chembe zisimame kila moja kwa upande wake.

Tuje kwenye mwanga, ambao naamini ndio uliokuangusha. Kioo hakina rangi yake, huonyesha kinachotazamana nacho. Mwanga ukitoka dirishani au kwenye softboksi (taa iliyofunikwa kwa kitambaa cheupe) moja kubwa mbele ya mteja, chembe chache zilizo kwenye pembe yake zitang'aa kwa weupe mpana usio na ukali. Nyingine zote zinatazama kuta za studio yako. Kuta zikiwa na giza, chembe zinatoka nyeusi. Nukta nyeusi na za kijivu kwenye ngozi ndizo ulizoziita mchanga.

Weka taa mbili. Ya kwanza ni ya ngozi: softboksi ya kama sentimita 60 kwa 90, pembeni kwa nyuzi 45, juu kidogo ya macho, umbali wa mita moja. Ya pili ni ya glita: flashi tupu, ndogo, isiyofunikwa na kitambaa wala mwavuli, pembeni na nyuma kidogo ya mteja, umbali wa mita moja na nusu hadi mbili. Chanzo kidogo hutoa nukta kali. Chanzo kikubwa hutoa utando. Anza na flashi hiyo ikiwa sawa kwa nguvu na softboksi, kisha iongeze stopu moja, yaani mwanga mara mbili, uone. Upande wa pili wa uso simamisha ubao mweupe au karatasi ya manila, ili vioo vinavyotazama kule vione kitu cheupe badala ya ukuta.

Usikisie mahali pa kuweka flashi. Kaa kwenye kamera, zima taa za chumba, mpe msaidizi simu yenye tochi, azunguke taratibu kando ya mteja, naye mteja amefumba macho. Utaona mahali ambapo shavu linalipuka kwa nukta. Mwambie asimame, weka flashi palepale. Atakayetazama ni wewe uliye kwenye kamera: anachokiona msaidizi kutoka alipo hakikuhusu.

Kamera iwe na ISO 100, shata 1/160, lenzi ya milimita 85 au 100, tundu la lenzi f/8. Mimi si mtumwa wa namba hizo, ila f/8 ina sababu. Ukifungua hadi f/2, chembe zilizo nje ya fokasi zinageuka miduara. Kwenye bega lililo mbele inapendeza, kwenye pua inafanana na upele. Ukifunga hadi f/16, kila nukta kali inaota miale ya nyota. Lenzi yenye mabapa tisa kwenye tundu lake hutoa miale 18, yenye manane hutoa minane. Gharama yake ni ukali wa picha kupungua kidogo na kila tundu la ngozi kuonekana. Pima mwanga kwa ngozi, ziache nukta za glita ziungue hadi weupe mtupu. Wanaopunguza mwanga ili kuokoa nukta hizo hupata uso wa jioni na glita iliyopoa. Kwa ngozi nyeusi mambo ni rahisi zaidi, maana tofauti kati ya ngozi na nukta ni kubwa yenyewe. Dhahabu na shaba hukaa vizuri sana, fedha huleta ubaridi, na hilo ni suala la kuchagua.

Kama ngozi inang'aa kwa mafuta kuliko glita, funga filta ya polaraiza. Mng'ao wa mafuta kwenye ngozi hupungua unapoizungusha, wakati mng'ao wa alumini haubadiliki sana. Itakula kati ya stopu moja na nusu na mbili, ongeza nguvu ya flashi. Usichanganye mwanga wa dirisha na balbu ya manjano, kila chembe itachagua rangi yake. Ukitaka rangi kwa makusudi, weka karatasi ya rangi kwenye flashi ndogo na utumie glita ya fedha, maana ya dhahabu hairudishi samawati. Anayepiga kwa simu azime kwanza urembo wa kulainisha ngozi, unafuta glita ukidhani ni chunusi.

Sasa picha ya kupuliza. Jibu langu ni kwamba glita kavu haipulizwi kwa mdomo, na mtoto wa miaka mitano hasimami karibu nayo. Mtu anayetaka kupuliza kwanza huvuta pumzi, na mkono wake upo sentimita 15 kutoka kwenye mdomo. Mtoto ndiye atakayevuta kwa nguvu zaidi, na baada ya hapo atafikicha macho kwa kiganja kile kile. Ukubwa wa chembe haukuokoi: zile kubwa huanguka upesi lakini ndizo zinazokwaruza, ndogo hazikwaruzi sana lakini huelea na kuvutwa.

Picha hiyo inatengenezwa kwa vipande viwili. Kamera ikae kwenye tripodi. Mpige mteja na mwanawe wakipuliza viganja vitupu, mashavu yamejaa, nywele zikisukumwa kidogo kwa kipande cha kadibodi. Kisha watoke chumbani. Tandika kitambaa cheusi, mahameli ikipatikana, mita mbili nyuma ya mahali utakapomwaga. Flashi ibaki upande ule ule uliokuwa kwa mteja, ikimulika kutoka pembeni nyuma, isiguse kitambaa. Tundika uzi mahali pa fokasi, weka fokasi kwa mkono, ondoa uzi. Msaidizi avae barakoa na miwani ya fundi iliyoziba pembeni, akunje karatasi kama mfereji, amwage nusu kijiko cha chai kutoka nusu mita juu. Shata 1/200, f/8, na flashi hiyo ya pembeni iwe ya aina ndogo inayovaliwa juu ya kamera, kwenye nguvu ya 1/16 au 1/32. Katika flashi ndogo za aina hiyo, nguvu ikishuka mwako unakuwa mfupi, na mwako mfupi ndio unaosimamisha chembe hewani. Flashi nyingi za studio za bei ndogo hufanya kinyume, zikishushwa nguvu mwako unarefuka na chembe zinatoka kama mistari ya mvua. Piga fremu 30 au 40, maana huwezi kujua ipi itatawanyika vizuri.

Kwenye Photoshop weka fremu ya glita juu ya picha ya mteja, leya hiyo uiweke kwenye Screen. Nyeusi hupotea, mwanga hubaki. Izungushe ili mkondo uanzie kiganjani. Karibu na kiganja ziwe nyingi na ndogo, kuelekea kamera ziwe chache, kubwa na zenye ukungu: chukua fremu nyingine uliyopiga f/2.8 kwa ajili hiyo. Futa kwa maski zinazopita juu ya macho na meno. Kosa linalofichua picha hizi ni mwanga wa glita kutoka kushoto wakati pua ya mteja ina kivuli cha kushoto.

Kama hutaki kuhariri, kuna kioo. Kipande cha kioo cha dirisha cha milimita nne au tano, kingo zake zifungwe kwa tepu nene, kisimamishwe kati ya lenzi na mteja. Paka jeli sehemu sehemu upande wa kamera, bandika glita, acha katikati wazi, piga kwa f/2. Chembe zote zinageuka miduara ya dhahabu inayoelea mbele yao. Au karatasi ya foili ya jikoni, ikunje ovyo, ifungue, itundike mita mbili au tatu nyuma yao na uimulike kwa flashi tupu: kwa f/1.8 inatoa miduara ile ile. Kwa mtoto ningechagua foili, kisha nibandike pambo kwenye gauni lake na uso wake niuache kama ulivyo.

Studio yenyewe. Zima feni na kiyoyozi kabla ya kufungua kichupa, na kwa sababu ya joto panga mapumziko kila dakika 20. Tandika shuka kuukuu la mita mbili kwa tatu. Lenzi ifungwe nje ya chumba hicho na isibadilishwe hadi mwisho, iwe isiyovuta nje na ndani, kwa sababu lenzi inayorefuka hunyonya hewa kila unapoizungusha. Plastiki inavutana na chaji ya umeme tuli, chembe moja ikiingia kwenye sensa haitoki kwa kutikisa. Vika kamera mfuko wenye tundu la lenzi. Baadaye safisha kwa pampu ya mpira ya kupulizia, kamera imeinamishwa chini, kisha selotepu kwenye mwili wake. Usipulize kwa mdomo, na usifute lenzi kwa kitambaa kabla ya pampu. Spirei ya nywele inashika moto, iwe mbali na taa za joto.

Chembe ikiingia jichoni: mteja asifikiche. Usijaribu kuitoa kwa kibano wala kijiti cha pamba. Mlaze kichwa upande, mimina maji safi au maji ya chumvi ya duka la dawa, yale ya asilimia 0.9, kwa dakika 15, akipepesa. Maumivu, machozi, kuogopa mwanga au ukungu wa kuona vikiendelea baada ya hapo, aende kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo. Maziwa ya mama, maji ya sukari na dawa za mitishamba visiguse jicho, na matone ya dukani asiyoandikiwa, hasa yenye steroidi, yanaweza kuficha maambukizi huku yakiyakuza. Akivuta chembe akaendelea kukohoa au kifua kikapiga mluzi, ni hospitali.

Kutoa glita, watu wengi huanza na maji na wanakosea: maji yanaisafirisha kuelekea machoni. Kwanza selotepu, ukibonyeza na kunyanyua. Kisha mafuta ya nazi kwenye pamba, mteja amefumba macho, kutoka katikati ya uso kwenda nje, pamba mpya kila mara, bila kusugua. Maji na sabuni ndiyo mwisho. Pamba na selotepu ziende kwenye jaa la taka, si kwenye sinki, na shuka likunjwe kwa ndani. Sakafu ifutwe kwa kitambaa chenye maji, ufagio utaipandisha tena hewani.

Ile pakti ya duka la vifaa vya shule usiitupe. Ndiyo utakayoimwaga mbele ya kitambaa cheusi na kuibandika kwenye kioo, ambako hakuna uso wa mtu.